Sanda ya Mama

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari wa uhamiaji alimrudishia Raya kitambulisho, kisha akalinyooshea kirungu furushi alilokuwa amelipakata ndani ya teksi.

"Fungua hilo, dada."

"Kuniuliza natoka wapi unaruhusiwa, afande. Kunipekua bila sababu, katiba inakukataza."

"Basi usifungue. Egesheni pale, mkubwa wangu atakuja na hiyo sababu."

Dereva akaegesha. Ndani ya furushi mlikuwa na sanda ambayo mama yake Raya aliinunua mwenyewe, akaifukiza udi kila Ramadhani, akampa bintiye amtunzie. Ng'ambo ya kizuizi mama alikuwa ameshaoshwa, akisubiri kuvishwa.

"Si umwoneshe tu, dada, twende zetu," dereva alisihi.

"Nikimwonesha mimi, kesho atamfungulisha nani?"

Jua likateremka na mkubwa hakuja. Simu ilipolia, kaka yake alisema kwa upole, "Raya, tumemvika sanda nyingine, ya dukani. Watu wameshabeba jeneza."

Raya akashuka, akafungua fundo juu ya boneti. Upepo ukaipeperusha sanda, harufu ya udi ikatanda barabarani. Askari akavua kofia.

"Ungeniambia tu, dada yangu."

"Sababu ilikuwa yako kuitoa. Siyo yangu."

Ncha moja ilikuwa inaelekea vumbini. Raya akaiwahi. "Shika upande ule, isiguse chini."

Askari akashika. Wakasimama hivyo, kitambaa cheupe kimenyooka kati yao, na hakuna aliyeanza kukunja.