Shamba la Kulinganisha

Siku ile Ambakisye ndiye aliyekuwa mjinga, na mwenyewe hakatai. Kikosi cha ugani kilipouliza nani atatoa shamba lake libaki bila mvua yao, lilinganishwe na mengine, alinyoosha mkono kabla ya swali kwisha, ili watu wacheke. Tangu hapo mvua ya kutengenezwa inayogawiwa na kikosi hunyeshea matete ya majirani, chakula cha ng'ombe wao, na kukomea kwenye ua wake. Jirani haruhusiwi kumrushia hata mzigo wa majani, maana ataharibu utafiti. Ng'ombe amebaki mbavu. Mtoto anakunywa chai ya rangi, wala haulizi tena maziwa.

“Vumilia, Mama Lusajo,” alisema akijichekesha. “Sisi ndio kipimo cha kijiji kizima.”

Mkewe alifungua kamba ya ng'ombe. “Huyu nampeleka kwa mama akale. Wewe baki hapa ulinganishwe.”