Kivuli cha Pili

Nilikuwa juu ya mashamba ya chumvi ya Bagamoyo nilipotazama chini nikaona kivuli cha ndege yangu. Nyuma yake kulikuwa na kivuli kingine.

Oswaldi! Mwanafunzi mwenzangu, naye siku hiyo alikuwa akirusha ndege peke yake. Ndege zetu za mafunzo, mwaka ule wa 1954, hazikuwa na redio. Nikageuza shingo huku na huku, simwoni. Yuko juu yangu au chini?

Vivuli vikazidi kukaribiana juu ya chumvi nyeupe, hadi mabawa yakagusana.

Asubuhi ile, kabla hatujaruka, mwalimu alikuwa ametuambia sote wawili: "Vijana, mkiingiwa na shaka huko juu, kateni kulia. Msingoje."

Bismillahi. Nikakata kulia.

Kile kivuli cha pili nacho kikakata kulia.