Soko la Watu wa Ajabu

Hata mlinzi wa geti la soko alikuwa wa ajabu.

Mwalimu Qiu Wanhong aliisogelea kompyuta, akavua miwani, akaifuta kwa koti la maabara, akaivaa tena. Kwenye mchoro, mstari wa mlinzi ulikuwa bado juu.

"Dada Tao! Njoo uone. Huyu naye!"

Tao Meiying, fundi wa maabara, alikuja na bakuli lake la tambi. "Naye nini?"

"Protini yake inazuia virusi mara mbili ya mtu wa kawaida. Kama muuza bata. Kama yule wa mayai. Kama wote!"

Protini hiyo kila mtu anayo. Kazi yake ni kuvikaba virusi vya mafua ya ndege kabla havijazaana mwilini. Lakini mara chache mno mtu huzaliwa na kosa dogo kwenye jeni, na ngao hiyo ya mwili wake huwa kama chandarua kilichotoboka. Mwalimu Qiu aliamini wapo pia waliozaliwa na ngao ya chuma. Alikuwa radhi ampate yeyote, wa ngao ya chuma au wa ngao iliyotoboka, mradi awe adimu. Ndiyo maana alikuwa akichukua damu katika soko la kuku hai hapo mjini Jiaxing, kwa watu wanaovuta vumbi la manyoya tangu alfajiri.

Muda ulikuwa umemwishia. Mkurugenzi Bao alikwishamwambia kwamba Ijumaa akija mikono mitupu, chumba chake kitapewa panya wa mtafiti mwingine, naye atahamishiwa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kushika darubini.

"Wakivunja, wataambiwa wamefuata mfano wa mwalimu," Mwalimu Qiu alijitania.

Ndivyo alivyokuwa. Alijicheka mapema ili wengine wakute kazi imeshafanyika. Alipenda kusema kwamba China nzima, na si nchi ndogo, hakuna mtu wa kawaida kama yeye. Shuleni alikuwa wa katikati, sura yake watu waliichanganya na ya muuza sabuni, na mume wake wa kawaida alimwacha kwa sababu za kawaida. Hata maabara ilipoanzishwa, ikatakiwa damu ya mfano ya kulinganishia damu za wengine wote, yeye ndiye aliyenyoosha mkono. "Chukueni yangu. Hamtapata ya kawaida zaidi." Wakacheka, wakachukua.

Mchana huo alikwenda sokoni kumpa habari Mama Geng, muuza bata.

"Mimi wa ajabu?" Mama Geng aliangua kicheko, kisu mkononi. "Nenda kamwambie mama mkwe wangu! Yeye ananiita gunia."

"Kweli, dada. Una ngao ya chuma."

"Basi chukua bata, Mwalimu. Chagua mwenyewe. Ila vaa glavu, na hiyo barakoa ipandishe juu. Kila ukija unaivaa kidevuni."

"Ya nini? Virusi vikiniona mimi vinapiga miayo." Akaingiza mikono mitupu kwenye tenga, manyoya yakamrukia usoni, akatoka na bata mnene aliyekuwa akimtukana kwa lugha yake.

Aliporudi, alimkuta Tao amekunja uso mbele ya mchoro.

"Mwalimu, hawa hawana undugu. Mlinzi katoka Sichuan, muuza mayai katoka Shandong. Watu adimu wote wahamie soko moja, kwani kuna mkutano?"

"Soko limewachuja. Wadhaifu waliugua, wakaacha kazi. Waliobaki ni chuma."

"Basi nipime na mimi. Mimi feni ikiwashwa tu napata mafua."

Mwalimu Qiu alimpima ili amnyamazishe. Mkurugenzi Bao aliyeingia na futi kupima mahali pa kuweka vizimba vya panya, naye akaombwa damu. Alitoa kwa kununa.

Majibu yalitoka Alhamisi. Mstari wa Tao ulikuwa juu. Wa Bao ulikuwa juu kidogo zaidi.

"Mimi sishangai," alisema Bao, akinyoosha tai. "Tangu utotoni nilijua mimi si mtu wa kawaida."

Tao hakucheka. Alimtazama Mwalimu Qiu. Mwalimu Qiu akaona chumba kinaondoka. Aliogopa, na safari hii hakupata mzaha wa kujifunika.

"Kosa liko kwenye damu ya mfano," alisema Tao taratibu. "Si wote walio juu, ni yenyewe iliyo chini, na hatujawahi kuisoma jeni yake."

"Nani anahangaika kusoma cha kawaida?" alijibu Mwalimu Qiu, lakini sauti ilikuwa imekauka. "Haya, isome."

Ijumaa asubuhi Bao alikuja na wabeba mizigo wawili na sanduku la kwanza la panya. Tao alikuwa amesimama kando ya mashine, karatasi ya majibu ya jeni mkononi. Mwalimu Qiu aliichukua, akaisoma, akaisoma tena, kisha akaketi juu ya lile sanduku la panya.

"Kwa hiyo?" aliuliza Bao. "Watu wa soko ni wa ajabu au si wa ajabu?"

"Si wa ajabu. Ni watu kama wewe."

Bao alimeza hilo kwa shida. "Basi hujapata kitu. Vijana, ingizeni vizimba."

"Ngojeni kwanza. Adimu yupo. Ngao yake imetoboka vibaya, mkurugenzi. Kosa lake halijawahi kuandikwa popote duniani."

"Nani? Si mlisema kosa liko kwenye kile kichupa cha damu ya mfano? Kichupa kimeharibika, basi!"

"Hakijaharibika," alisema Mwalimu Qiu, akivuta barakoa kutoka kidevuni hadi juu ya pua. "Kilizaliwa hivyo, kule Shaoxing, kitindamimba wa mzee Qiu."