Tangi Lililofungwa

Mkaguzi wa meli, Mwanakheri, aligonga tangi la maji kwa nyundo, mara tatu, asikilize kama chuma kimeliwa na kutu. Kutoka ndani kukagongwa mara tatu.

"Kuna mtu humo?"

"Tuliliziba mwaka juzi, mama," alijibu Fundi Mkuu Ngwali, bila kumtazama usoni.

Nchi nzima ilibakiwa na meli hiyo moja. Abiria mia tatu walikuwa wakingoja gatini, na wizara ilitaka saini ya Mwanakheri kwenye fomu ya ukaguzi kabla ya saa sita mchana.

Aligonga tena, mara moja. Akajibiwa mara moja, polepole, kama na mtu aliyechoka.

"Kumbe mnasikia siku zote?"

"Tumeshazoea. Tukisema, meli itasimamishwa, na sisi tutakula wapi?"

Mwanakheri aliichana ile fomu. "Kata."

Mabaharia wakarudi nyuma mpaka ngazini. Ngwali akawasha moto wa gesi, akakata duara pana kama sinia. Kipande cha chuma kikadondokea ndani, kizito, na wote wakatega masikio wasikie kikitua.

Hakikutua.