Mifupa ya Mama Mkwe

"Mama mkwe wako anaumwa?" aliuliza mwenye duka la maziwa. "Jana sikumwona, na leo pia hakuja kunywa kikombe chake."

Fundi alikuwa amepita kununua kiberiti tu. Alidhani hakusikia vizuri.

"Kikombe cha nini?"

"Cha maziwa. Kila siku saa kumi anakaa hapo kwenye benchi, anakunywa taratibu, anajifuta mdomo, anaondoka."

Fundi aliondoka bila kiberiti.

Alitembea kama mtu anayefukuzwa. Miezi minne. Miezi minne alikuwa akimpikia yule mzee kama anavyopikiwa mgonjwa, na sababu yote ilikuwa moja: maziwa hayatakiwi.

Ilianza siku ya vipimo vya bure kwenye zahanati. Mama mkwe alikataa kupimwa peke yake, basi wakapimwa wote wawili. Majibu yalichelewa kutoka. Fundi alikuwa na sare za shule za kushona, akarudi mbio kwenye cherehani yake, akamwacha mzee kwenye foleni.

Mchana mama mkwe alirudi na karatasi amezifunga kwenye pindo la nguo. Aliketi bila kusalimu.

"Wamesema mifupa imekuwa kama biskuti," alisema. "Kuanguka kidogo tu, basi. Inataka kalsiamu. Na maziwa hapana, tumbo halikubali. Nimemwambia nesi hivyo, akanitajia vyakula vingine."

Suala la tumbo Fundi hakulibishia. Yeye mwenyewe maziwa yalimkimbiza chooni tangu utotoni. Majibu ya kwake hakuuliza. Uzi ulikuwa umekatika na alikuwa akitafuta tundu la sindano.

Toka siku hiyo hakutulia. Kigoda kikisogea chumba cha pili, mguu wake uliganda juu ya kanyagio la cherehani. Sufuria ikidondoka, alikuwa ameshafika jikoni na futi ya kupimia shingoni. Mumewe alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita, watoto hawakujaliwa. Huyu bibi mwenye maneno mengi ndiye aliyekuwa ukoo wake wote.

Kwa hiyo alipika. Alinunua dagaa wa kuliwa na mifupa yao. Alikaanga ufuta, akausaga, akautia kwenye uji na kwenye mboga. Alichambua majani ya kijani mpaka vidole vikabadilika rangi. Maharage hayakukauka jikoni.

Na mzee alikuwa msumbufu. Alikula tonge mbili tatu, akasukuma sahani.

"Nimeshiba. Malizia, mwanangu. Chakula hakitupwi."

"Mama, nesi alisema ule."

"Nimekula. Unataka nipasuke? Malizia."

Fundi alimalizia, huku akinung'unika.

Kisha likaja la jua. Nesi alisema mifupa inataka jua la asubuhi, lakini mama mkwe hakukubali kuanikwa peke yake kama shuka. Lazima Fundi akae naye. Likaja la kutembea. Lazima Fundi amshike mkono mpaka kilimani na kurudi, kazi zikimngoja mezani. Wateja walilalamika. Fundi mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi alizoea kushindilia chai kavu akiwa amesimama na kuita hicho chakula, sasa alikuwa na saa ya kula, saa ya jua na saa ya kilima, zote za mtu mwingine.

Na kumbe mtu mwenyewe alikuwa akijinywea maziwa kwenye benchi.

Alimkuta barazani, amejifunika shali, mafua yamembana, anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, wewe unakunywa maziwa?"

Mzee hakuinua uso. "Nakunywa."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoota meno."

Fundi alihisi masikio yakiwaka. "Miezi minne nasaga ufuta mpaka mikono imeota sugu. Naacha nguo za watu nakwenda kukusindikiza kilimani. Kila ukikohoa nakimbia. Nimekukosea nini, mama, hata unichezee hivi?"

"Kaa chini."

"Sikai."

"Basi simama usikie." Mama mkwe aliweka ungo kando. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Mwanangu wa kumzaa nilimwambia mara ngapi akapimwe kifua? Kila nikisema, ananijibu, 'Usijali, mama, mimi mzima.' Alinijibu hivyo mpaka mwezi aliokufa. Na wewe na yeye mlikuwa mmefanana kwa hilo. Nesi alikuambia habari ya mgongo wako mwaka juzi, ukaifanyia nini ile karatasi?"

Fundi hakukumbuka vizuri. Labda alichora kola juu yake.

"Hayo ya mgongo wangu yanahusu nini hapa? Tunazungumza mifupa yako."

Mzee alifungua pindo la nguo, akatoa karatasi mbili zilizochakaa kwenye mikunjo. Moja akaipakata.

"Hii ndiyo yangu. Wamesema niendelee hivyo hivyo na kikombe changu."

Ya pili alimnyooshea. Fundi aliipokea, akaikunjua, akasoma jina lililoandikwa juu. Akalisoma tena. Akaketi juu ya ngazi ya baraza.

"Ningekuambia ni wewe," alisema mama mkwe, "ungerudi kwenye cherehani. Nikakuacha uamini ni mimi, ukaingia jikoni."