Macho ya Herufi ya Mwisho

Msalaba ulikuwa umelazwa juu ya mabenchi mawili uani, umepakwa rangi nyeupe, na fundi wa vibao alikuwa amekwama kwenye herufi ya kwanza.

Brashi hiyo hiyo ndiyo iliyoandika saluni, mabucha na baa kuanzia Magomeni hadi Mikumi. Herufi zake watu walizijua kwa mbali: nene, zenye vitambi, zinakata viuno kama ziko ngomani. Leo alitaka zisimame wima, zitulie. Akaandika A. Ikatanua miguu. Akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaandika tena. Ikatanua miguu vile vile.

"Kaka, niachie mimi," mdogo wake alimnong'oneza.

"Jina la mwanangu nitaliandika mwenyewe."

Katekista akaja, kofia mkononi. "Baba Agatha, jeneza limeshatoka ndani. Tunakusubiri wewe tu."

Aliuma meno, akaliandika jina lote kwa mkupuo mmoja, na herufi zikakumbatiana zikicheka juu ya ubao, naye hana la kufanya.

Kwenye kila kibao chake, herufi ya mwisho hupata macho mawili. Agatha ndiye aliyemng'ang'aniza, tangu alipojua kusoma: "Baba, iwekee macho, isije ikajikwaa."

Mkono ukachovya brashi kabla hajauzuia. Tone moja, kisha la pili, ndani ya kitambi cha a.

Ile a ikamtazama.