Sharti la Bi Amne

Ilibaki kampuni moja.

Tulianza na ishirini na tisa kwenye simu yangu, wanawake sita wa kikundi cha akiba cha Bububu, kila mmoja akiipa programu ya kuchuja na kununua hisa sharti lake. Isiuze pombe. Isile riba. Isiwe na madeni. Bi Amne, ambaye hanunui hata embe bila ya kulinusa, aliweka la mwisho: iwe haijakosa kutoa gawio la faida miaka mitano.

"Mie watu wa ahadi za uongo nshawachoka," alisema.

Nikaifungua ile iliyobaki. Kiwanda cha sabuni, Dar es Salaam. Ikatokea picha ya mkurugenzi, na wote barazani wakamgeukia Bi Amne. Mkurugenzi alikuwa mume wake wa zamani, yule aliyeaga anakwenda kununua mkate, ikarudi barua ya talaka bila ya sababu.

Bi Amne alivaa miwani, akaivuta simu karibu. Kidole chake kilikuwa kinanata shira ya kaimati tulizokuwa tukila.

"Kanenepa," alisema.

"Tunaweza kulegeza sharti moja," nikamwambia. "Zitatokea nyengine."

"Ngoja, mwanangu. Mwenye hisa huitwa mkutanoni?"

"Kila mwaka."

"Akauliza maswali?"

"Ndiyo."

"Na mkurugenzi hatoki kwenda kununua mkate?"

"Hukaa mbele, Bi Amne. Lazima ajibu."

Akakifuta kidole kwa ncha ya kanga, taratibu, mpaka kikakauka, akabonyeza "Nunua" mwenyewe.